Subira ni ya Mwenye Maumivu

Shukrani zote ni za Allah, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Katika darsa yetu limeletwa swali ambalo twaona halifai kujibiwa mbele ya wachache waliouliza peke yao, kwani jambo lenyewe limekwisha kuingia katika nyumba nyingi za mwambao wetu. Swali ni hili: mtu aliyeshikwa na saratani, na matabibu wamesema kuwa hawana tena tiba ya kuiondoa, akawa hapati usingizi usiku wala raha mchana kwa ukali wa maumivu, je, yafaa kumpa mofini? Au kumpa ni kumvunjia subira yake, na kumnywesha kileo, na kumharakishia mauti?

Swali hili si la mashindano ya wanachuoni. Huonekana katika majumba yetu kuwa mgonjwa ametoka hospitali na chupa yake ya dawa, na jamaa wakaiweka juu ya kabati. Siku akipiga kelele hupewa kijiko. Siku akinyamaza hapewi, kwa kudhaniwa kuwa hajambo. Wengine huimwaga dawa yote, wakamwambia mgonjwa asome dua na avumilie. Na wafanyao hayo si watu wabaya. Wampenda mgonjwa wao na wamcha Mola wao. Lakini mapenzi yasiyo na ilimu huweza kumtesa mtu kuliko uadui, na hili ni katika hayo.

Kwanza yatupasa tuijue dawa yenyewe. Mofini hutolewa katika utomvu wa afyuni, ambayo wazee wetu waliiita kasumba. Ibn Sina, aliyekufa mwaka 1037, ameitaja afyuni katika kitabu chake cha tiba, akaeleza nguvu yake ya kutuliza maumivu na hatari yake pia. Mwanzoni mwa karne ya 19 mtengeneza dawa wa Kijerumani, Sertürner, aliweza kuitenga mofini ndani ya utomvu huo, na tangu hapo ikawezekana kuipima kwa usahihi. Mwaka 1967 Bibi Cicely Saunders alifungua St Christopher's Hospice mjini London, na katika mafunzo yake makubwa lilikuwa hili: mwenye saratani asingojewe alie ndipo apewe dawa, bali apewe kwa saa zake, kabla maumivu hayajarudi. Mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani likatoa muongozo juu ya jambo hilo: dawa itolewe kwa kinywa, itolewe kwa saa, na ipande daraja kwa daraja kwa kadiri ya maumivu. Katika nchi zetu, Nairobi Hospice ilianza mwaka 1990, na Hospice Africa Uganda mwaka 1993. Na Mombasa nayo ina Coast Hospice. Basi si jambo geni, wala si la watu wa mbali tu.

Sasa tuziangalie shubuha zinazowazuilia watu, moja baada ya moja.

Shubuha ya kwanza ni ya subira. Wasema: maumivu ni kafara ya madhambi, basi kwa nini tumwondolee mgonjwa wetu jambo lenye kumsafisha? Twasema: ni kweli kuwa Muislamu hapatwi na taabu akasubiri ila hufutiwa makosa yake kwayo, na hadithi za jambo hili ni sahihi. Walakini ni wapi tulipoambiwa kuwa tuyahifadhi maumivu ya mwenzetu ili tumchumie thawabu? Nabii Ayubu, ambaye Allah amemsifu kwa subira, ndiye huyo huyo aliyemnyanyulia Mola wake mikono akamshitakia dhara iliyompata, kama ilivyo katika Sura ya Al-Anbiyaa. Kuomba faraja hakukumtoa katika subira. Na Mtume wetu, s.a.w., katika maradhi yake ya mwisho, homa ilipomzidi, aliamrisha amiminiwe maji ya viriba saba, ili apate nafuu ya kuwatokea watu na kuwausia. Hadithi hiyo imo katika Bukhari kutoka kwa Bibi Aisha. Hebu tuizingatie: maji yale hayakuwa ya kumponya maradhi yaliyokuwa ya mauti yake. Yalikuwa ya kumpunguzia ukali, apate kufanya lililosalia kufanywa. Hiyo ndiyo maana ya tiba tunayoizungumza.

Na iko hadithi nyingine ambayo twaiona ndiyo mizani ya mas'ala yote haya. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Ibn Abbas habari ya mwanamke aliyekuwa na kifafa. Alimwendea Mtume, s.a.w., akamweleza kuwa humwangusha, na kuwa aangukapo hufunukwa na nguo. Mtume alimpa hiari: akitaka asubiri apate Pepo, na akitaka amwombee Mungu amponye. Mwanamke yule alichagua kusubiri. Lakini aliomba aombewe asiwe akifunukwa, naye akaombewa.

Katika hadithi hii mna mafunzo mawili. La kwanza, subira ilitolewa kwa hiari, na hiari ilikuwa mkononi mwa mgonjwa. Hakuulizwa mumewe, wala kaka zake, wala majirani. Subira ni amali ya moyo, na amali ya moyo haina wakala. Mimi naweza kukulipia deni lako, lakini siwezi kusubiri kwa niaba yako. Na nikikufungia dawa yako kabatini, subira hiyo si yako wala si yangu. Yako wewe ni maumivu uliyolazimishwa, na yangu mimi ni dhulma.

La pili, hata yule aliyechagua kubaki na maradhi yake hakutaka kubaki na kila kilichofuatana nayo. Alikubali kuanguka, hakukubali kufedheheka. Wala Mtume hakumwambia: umekwisha kuchagua subira, basi subiri na hilo. Kwa hiyo mtu aweza kuridhika na kadari ya Mola wake, akajua kuwa saratani yake haina dawa, na hapo hapo akataka asinuke, asitapike, asisongwe na pumzi, asilie mbele ya wajukuu zake. Kuridhia maradhi ni jambo moja, na kutaka heshima ndani ya maradhi ni jambo jingine, na yote mawili hukaa katika moyo wa muumini mmoja.

Shubuha ya pili ni ya kileo. Wasema: mofini yatokana na kasumba, na kasumba ni haramu, na miji yetu imekwisha kuangamia kwa unga. Na sisi hatuwalaumu wenye hofu hii. Mama aliyezika mwana kwa heroini, tena heroini yatengenezwa kwa mofini hiyo hiyo, ana haki ya kutetemeka alisikiapo jina lake. Lakini sharia haitazami jina la kitu tu, hutazama na haja na kadiri. Qurani yenyewe imemtoa katika dhambi mwenye kulazimika asiyekusudia kuasi wala kupita mpaka. Na katika madhehebu yetu ya Shafii, Imam Nawawi, aliyekufa mwaka 1277, ameitaja katika Majmuu mas'ala ya mtu ambaye mkono wake umeoza hapana budi ukatwe, akahitaji kitu cha kumwondolea akili wakati wa kukatwa: kauli iliyo sahihi zaidi ni kuwa yafaa. Ikiwa yafaa kuiondoa akili yote kwa ajili ya maumivu ya saa moja, itakuwaje dawa iliyopimwa isiyokusudiwa kuondoa akili, kwa maumivu ya miezi?

Tena kuna tofauti ambayo haifai kuisahau. Mwenye kutumia unga huutumia aikimbie dunia. Mgonjwa wa saratani hutumia mofini apate kurudi katika dunia yake: aketi, ale kidogo, azungumze na watu wake, asali. Ni nadra kwa mgonjwa aliyepimiwa na tabibu kwa ajili ya maumivu ya saratani kuingiwa na uraibu. Ni kweli kuwa mwili huizoea dawa, na kwa hiyo haifai kuikata ghafla bila ya shauri la tabibu. Lakini mazoea ya mwili si uraibu wa nafsi. Na nyumba yenye kijana aliyetekwa na unga haina sababu ya kumnyima mgonjwa. Ina sababu ya kuifungia dawa ndani ya kisanduku chenye kufuli, ufunguo awe nao mtu mmoja mwaminifu, kila kipimo kiandikwe, na itakayobaki baada ya mauti irudishwe hospitali.

Shubuha ya tatu ndiyo nzito: kuwa mofini humwua mgonjwa. Wasema, fulani alipewa, na baada ya siku mbili akafa. Twasema: aliyekuwa akifa alikufa, na dawa ilikuwapo, kama ilivyokuwapo godoro na maji ya zamzamu. Kwa kuwa watu huingoja mpaka saa za mwisho kabisa, mofini imepata jina la kuwa mjumbe wa mauti. Lau wangaliianza maumivu yalipoanza, wangaliona wagonjwa wakiishi nayo miezi, na baadhi yao zaidi. Ikianzwa kwa kiasi kidogo, kwa kinywa, na kupandishwa taratibu, ni nadra kuidhuru pumzi ya mgonjwa. Hatari iko kwa mwenye kujipimia mwenyewe, au kumpa mgonjwa dawa ya mwenzake. Na hapa tuseme bila ya kuficha: kumpa mgonjwa dawa yoyote kwa nia ya kumwua, hata kwa kumhurumia, ni haramu, na hapana ijtihadi katika hilo. Lakini kutuliza si kuua. Bali Mtume, s.a.w., amekataza mtu kutamani mauti kwa sababu ya dhara iliyomshukia. Na ni kitu gani kimpelekacho mgonjwa kuyatamani mauti kuliko maumivu yasiyo na mwisho? Mwenye kuyatuliza maumivu amemsaidia ndugu yake asiingie katika alilokatazwa.

Majmaa ya Fikihi ya Kiislamu ya Jeddah, katika kikao chake cha saba cha mwaka 1992, iliamua kuwa mgonjwa asiyetarajiwa kupona asikatishwe tamaa, na kuwa aendelee kupunguziwa maumivu ya mwili na ya nafsi, awe atarajiwa kupona au hatarajiwi. Basi hapana aliyebaki na udhuru wa kusema kuwa wanachuoni wamelinyamazia jambo hili.

Baada ya shubuha hizo, liko jambo ambalo watu hawalitaji sana, nalo ndilo livunjalo tiba katika nyumba nyingi kuliko fatwa zote. Ni madhara madogo ya dawa yenyewe. Mgonjwa hupewa mofini, siku ya tatu hana choo, na tumbo limejaa, au hutapika, au hulala mchana kutwa. Jamaa wakasema: tuliwaambia, dawa hii ni sumu. Wakaiacha, na maumivu yakarudi. Lau wangalijua kuwa mambo haya yana mipaka na yana dawa zake, wasingaliiacha.

Kufunga choo humpata karibu kila atumiaye mofini, wala hakuondoki kwa mazoea. Kwa hiyo dawa ya choo huanzwa siku ile ile inapoanzwa mofini, haingojwi tumbo lifunge. Hospitali hutoa bisakodili au sanamaki, na sanamaki si ngeni kwa bibi zetu. Pasipo na hizo, wauguzi hufundisha kutumia mbegu za papai zilizokaushwa na kusagwa. Kichefuchefu humpata baadhi ya watu katika juma la kwanza, kisha huondoka. Ziko dawa za kukituliza, kama metoklopramidi. Usingizi huwa mwingi siku mbili tatu za mwanzo, na mara nyingi ni deni la usiku mwingi alioukesha mgonjwa kwa maumivu. Amelala kwa kuwa sasa aweza kulala. Kinywa hukauka, basi alowanishwe midomo mara kwa mara, na asafishwe meno kwa upole. Ama akianza kuweweseka, au viungo kushtuka-shtuka, au akawa haamki vizuri aitwapo, hiyo ni alama kuwa kipimo kimezidi au figo zimedhoofika. Hapo muuguzi aitwe upesi, wala jamaa wasiamue peke yao.

Na dawa nyingine nazo zina adabu zake. Deksamethasoni, ambayo hupunguza uvimbe na kurudisha hamu ya chakula, hutolewa asubuhi kwa kuwa huzuia usingizi. Tena hupandisha sukari, na watu wetu wenye kisukari ni wengi, kwa hiyo tabibu aelezwe. Mwenye kukosa pumzi aegemezwe kwa mito, dirisha lifunguliwe, na apepewe usoni. Na mofini kidogo pia humpa nafuu. Jeraha la saratani ya titi lililopasuka likanuka lina dawa: vidonge vya metronidazoli husagwa vikanyunyizwa juu yake, na harufu hupungua sana. Twalitaja hili kwa kusudi, kwani wako wanawake katika miji yetu wanaojifungia chumbani kwa haya, hawataki kuingiliwa hata na binti zao, na wengine wameacha kusali kwa kudhani kuwa najisi imewatoa katika ibada. Hawakutolewa. Jeraha lifungwe kwa kadiri iwezekanavyo, na Sala isaliwe kwa udhuru uliopo. Na chakula, mgonjwa asilazimishwe. Imepokewa na Tirmidhi na Ibn Majah kuwa wagonjwa wasishurutishwe kula. Mwili uagao dunia hupunguza hamu yake, na kumsukumia uji kinywani ni kumwongezea taabu.

Limebaki swali la akili. Muumini ataka kufa anajijua, ulimi wake ukitaja shahada. Ana madeni ya kueleza, ana wasia wa kuandika, ana watu wa kuombana nao radhi. Je, mofini haitamnyima hayo? Twajibu kuwa maumivu makali nayo huiondoa akili, tena vibaya zaidi. Aliye katika maumivu hawezi kuwaza deni wala wasia. Hawazi ila maumivu. Kwa mgonjwa aliyepimiwa vizuri, baada ya siku chache za mwanzo, akili hurudi. Asali kwa kusimama, akishindwa kwa kukaa, akishindwa kwa ubavu, kama Mtume, s.a.w., alivyomwelekeza Imran bin Husayn. Na ikiwa siku moja dawa ya haja imemfunika akili mpaka wakati wa Sala ukapita, Nawawi ameeleza kuwa halazimiki kuilipa, kwa kuwa akili haikuondoka kwa njia ya haramu.

Walakini haki hii ina upande wa pili. Ikiwa mgonjwa mwenyewe, akiwa na akili yake, amesema: nipunguzieni dawa leo, mwanangu yuaja kutoka safari nataka kumwona vizuri, au amesema: nitayavumilia haya kidogo ili nisome, basi hiyo ndiyo subira ya kweli, na ni wajibu wetu kumtii. Wako jamaa ambao hawawezi kumtazama mgonjwa akikunja uso, wakaomba alazwe kabisa. Hao nao wamtibu nani? Wajitibu wenyewe. Katika maradhi yake ya mwisho Mtume, s.a.w., alitiliwa dawa kinywani hali akiwaashiria wasimtilie, na alipopata nafuu aliwakemea kwa hilo. Basi kumnyima dawa aitakaye, na kumshurutisha dawa asiyoitaka, ni kosa la namna moja: ni kumfanya mgonjwa kuwa kitu, naye ni mtu mpaka roho itoke. Dawa ya kwanza kabla ya zote ni kumwuliza.

Ndugu zetu, kikundi cha wataalamu waliokusanywa na jarida la Lancet kiliandika mwaka 2017 kuwa watu zaidi ya milioni 61 duniani hupatwa na mateso makubwa ya maradhi kwa mwaka. Na katika tani 298.5 za mofini na dawa za jamii yake zilizogawanywa duniani, nchi maskini kabisa zilipata tani 0.1 tu. Dawa yenyewe, ikiwa ya maji ya kunywa, si ya ghali. Haizuiliwi na bei peke yake. Huzuiliwa na hofu, za watawala na za watu wa nyumbani. Hofu za watawala haziko mikononi mwetu leo. Hofu za nyumbani kwetu ziko mikononi mwetu.

Sisi twaitakidi kuwa kumtuliza mgonjwa ni katika fardhi za kutoshelezana: wakiinuka baadhi, wengine wameokoka, wakikaa wote, wote wana dhambi. Twajua kumkafini maiti, twajua kumswalia na kumzika, na katika hayo mwambao wetu hauna upungufu. Akifa maskini, mtaa mzima huinuka. Basi yatupasa kuinuka siku chache kabla. Kila msikiti uwe na watu wawili watatu waliofundishwa na wauguzi kupima dawa, kugeuza mgonjwa kitandani asipate vidonda, na kujua alama za hatari. Wenye nauli wamchukulie mgonjwa dawa yake hospitali. Na makhatibu, wanapotaja fadhila za subira, waseme pia ni za nani, ili maneno ya Mungu yasigeuzwe kufuli la kabati.

Tumuombe Allah awaponye wagonjwa wetu, na ambao hakuwaandikia kupona awafanyie wepesi, na atujaalie sisi kuwa sababu ya wepesi wao. Wallahu aalam.